Shangazi wa Vyombo Anajibu

Mkoba wa barua umejaa kuliko kawaida. Msimu wa harusi umeingia, na kila msimu wa harusi ukiingia watu hununua vitu vyenye taa za rangi. Kwa mgeni wa safu hii: Shangazi hashughulikii mapenzi ya watu. Wa hayo wapo wengi, na wana magari. Mimi ni wa magitaa, vinanda, udi, spika na amplifaya, pamoja na binadamu wanaovitesa. Msinipigie simu usiku.

"Shangazi shikamoo. Mimi ni kijana wa miaka 26, nataka kuanza biashara ya kukodisha muziki kwenye harusi na vigodoro. Kariakoo nimeona spika moja, boksi lake limeandikwa wati 5,000. Ina taa, ina matairi, inashika simu bila waya. Muuzaji anaapa nikiifungua yote Mbagala nzima haitalala. Moyo umezama. Nitoe mahari? – Niliyezama, Mbagala."

Marahaba mwanangu. Kabla ya mahari, igeuze uone mgongo. Pale waya wa umeme unapoingilia pana kibandiko kidogo kisicho na urembo wowote, kinachosema spika inakula umeme kiasi gani. Usishangae ukikuta wati 80. Sasa nieleze, kitu kinachokula wati 80 kinatoa wapi wati 5,000? Na hata usipokiona kibandiko, piga hesabu ya ukuta wa kwenu: umeme volti 230, plagi yenye fyuzi ya ampea 13. Zidisha. Haifiki wati 3,000. Spika hiyo ingekuwa kweli inatoa hizo 5,000 mfululizo, ingeunguza fyuzi kabla bibi harusi hajaingia ukumbini.

Namba ya kwenye boksi huitwa PMPO, na hupikwa na mwenye boksi. Wewe ulizia RMS, yaani nguvu ambayo mashine inaitoa mfululizo bila kuchoka. Muuzaji akikunja uso, umeshajibiwa.

Na wati zenyewe, hata zikiwa za kweli, zisikupe kiwewe. Ukitoka wati 100 kwenda 200 umeongeza desibeli 3 tu. Mgeni wa meza ya nyuma atasema imepanda kidogo. Ili sikio lihisi sauti imekuwa mara mbili unahitaji karibu mara kumi ya nguvu uliyokuwa nayo. Ndiyo maana wazoefu hutafuta namba nyingine, ile iliyoandikwa kwa herufi ndogo: spika inatoa desibeli ngapi ikipewa wati 1, ukisimama mita 1 mbele yake. Yenye 99 ikipewa wati 100 inatoka sare na yenye 89 iliyopewa wati 1,000. Huyo wa pili analipa umeme, wewe unalipa kodi ya fremu.

Kwa mtaji wako ningetafuta spika iliyotumika, ya kampuni ambayo mafundi wa mjini wana vipuri vyake. Ukiikagua, izime kwanza. Toa wavu wa mbele, weka vidole vya mikono miwili pande mbili za koni, sukuma taratibu kwa usawa. Ikienda na kurudi kimya, endeleeni na mazungumzo. Ikikwaruza, koili imeungua au imepinda, na bei ishuke au uondoke. Nusa pia. Koili iliyoungua ina harufu yake, na hakuna udi wa kufukiza unaoiondoa. Kisha iwashwe, nawe uwe umekwenda na wimbo wako, ule unaoujua mpaka mpiga besi anapokohoa. Wimbo wa muuzaji umechaguliwa na muuzaji.

"Shangazi, amplifaya yangu inazima kila ikifika saa sita usiku, watu wakiwa ndiyo wamechangamka. Mafundi wameifungua wameifunga, hawaoni kitu. Mtaani wanasema nimerogwa na mwenye muziki wa mtaa wa pili. Nina amplifaya moja na spika nne nzuri sana. – DJ wa Majonzi, Manzese."

Hujarogwa. Umeiozesha amplifaya wake wanne na mshahara wake unalisha wawili. Tazama nyuma ya spika zako, nina hakika zimeandikwa omu 8. Ukiunga mbili sambamba kwenye tundu moja, mzigo unakuwa omu 4, na amplifaya nyingi zinaumudu. Ukiunga nne, unakuwa omu 2. Namba inashuka lakini mzigo unapanda, na hapo ndipo vijana wengi wanapochanganyikiwa. Amplifaya inatoa umeme mwingi kuliko ilivyoumbwa kutoa, inapata joto, na kwa kuwa ina akili kuliko mwenyewe inajizima isiungue. Saa sita ni saa ambayo joto limejaa na wewe umeshafungua kila kitu. Acha mbili kwa mbili kama mashine ina njia mbili za kutolea, au tafuta amplifaya ya pili. Na ile taa nyekundu inayowakawaka ukikandamiza sauti si pambo la disko. Inasema mawimbi yameanza kukatwa vichwa, na twita ndizo zitakazokufa kwanza.

Mwenye muziki wa mtaa wa pili, salamu zako.

"Bwana asifiwe Shangazi. Kanisani kwetu, kila nikianza kuhubiri kipaza sauti hupiga mluzi mkali. Tumefunga na kuomba. Spika zetu mbili tumezitundika madhabahuni, nyuma yangu, ili zipendeze. Pia mpiga gitaa wetu akigusa kipaza sauti kwa mdomo hupigwa shoti kidogo, lakini ameshazoea. – Mchungaji, Morogoro."

Amina, Baba Mchungaji. Maombi yaendelee, ila kwa mambo mengine. Sauti yako inatoka kwenye spika iliyo nyuma yako, inaingia tena kwenye kipaza sauti, inakuzwa, inatoka, inaingia, na mzunguko huo ndio mluzi. Zitoeni spika madhabahuni, zikae mbele yako zikiwatazama waumini. Kipaza kiwe karibu na mdomo, na kisizibwe kichwa kwa kiganja kama wanavyofanya vijana kwenye video. Vipaza sauti vya kwaya vizimwe wakati kwaya imekaa.

Sasa ule mstari wa mwisho, ulioutaja kana kwamba ni mbu. Hapo Shangazi hatanii. Nyuzi za gitaa la umeme zimeungana na bati la amplifaya. Bati hilo likikosa waya wa ethi linaweza kubeba umeme, na kipaza sauti kimeungana na mixa iliyofungwa kwingine. Mdomo wa kijana wenu ndio unaokamilisha njia. Mwaka 1972, huko Swansea, Wales, mpiga gitaa Les Harvey wa bendi ya Stone the Crows alikufa jukwaani kwa kugusa kipaza sauti kisicho na ethi. Jumapili hii gitaa lisipigwe. Mwiteni fundi umeme apime ethi ya jengo, na mtu yeyote aliyeng'oa pini ya tatu ya plagi ili iingie kwenye adapta ya pini mbili atafutwe na aonywe kwa jina. Gitaa na kipaza sauti vichukue umeme chanzo kimoja.

"Dada, heshima yako. Mwanangu wa kidato cha pili nilimnunulia gitaa kavu lenye nyuzi za nailoni. Zikakatika, jirani akamwekea za chuma, eti zinalia vizuri. Sasa kile kibao kinachoshika nyuzi kimeanza kunyanyuka tumboni, na nyuzi zimekaa mbali na shingo mpaka mtoto anatoka malengelenge. – Mama wa Msanii, Moshi."

Dada yangu, zilegeze leo hii, kabla hujamaliza kusoma. Nyuzi za chuma huvuta karibu maradufu ya zile za nailoni, na gitaa la nailoni kwa kawaida halina fimbo ya chuma ndani ya shingo ya kuzuia mvuto huo. Kibao kirudishwe kwa gundi ya mbao, kibanwe kwa vibano hadi kesho yake. Supa gluu hapana. Jirani naye mpe chai, umwambie asante, imetosha.

Ikibidi kununua jingine, mfundishe mtoto jaribio moja. Aguse uzi kidogo tu juu ya chuma cha 12 cha shingoni, bila kuukandamiza, aupige. Utalia kama kengele. Kisha aukandamize palepale, aupige tena. Zikiwa sauti mbili zisizolingana, gitaa hilo halitasikilizana na mtu maisha yake yote, hata liwe jekundu namna gani. Wazee wetu wengi walianzia kwenye magitaa makavu tunayoyaita magalatoni. John Lennon naye gitaa lake la kwanza lilikuwa Gallotone Champion la Afrika Kusini, lenye karatasi ndani inayoapa kwamba halitapasuka. Waliotengeneza walijua mzazi anaogopa nini.

"Assalaam alaykum Shangazi. Marehemu babu katuwachia udi. Tumeutundika ukumbini, chini ya kiyoyozi, na mama huupaka mafuta ya nazi kila Ijumaa ung'are. Sasa umepasuka usoni. – Mjukuu, Mlandege, Unguja."

Waalaykum salaam. Mafuta ya mama yaachiwe nywele za watu. Ule ubao wa usoni ndio unaolia. Ni mwembamba, kama milimita 2 tu, mara nyingi hauna hata vanishi, na mafuta ukiyanywa unaziba sauti. Masika unavimba kwa unyevu, kiyoyozi kinaukausha, unavimba, unakauka, mpaka unaachana. Uingizeni kasha lake pamoja na vile vifuko vya chembechembe vinavyokuja na viatu vipya, mbali na kiyoyozi na mbali na ukuta unaonyeshewa. Nyuzi zote 11 zilegezwe kidogo, zisivuliwe. Ufa msiujaze chochote. Upelekeni chuo cha muziki cha Dhow Countries, kinachofundisha vyombo hivi tangu 2002, au kwa watu wa Ikhwani Safaa, ambao wako kwenye kazi hii tangu 1905, waulizeni fundi wao ni nani.

"Shangazi, tuko vijana sita, Kinondoni. Tumepata baa ya kupiga kila Ijumaa, ila hatuna vyombo. Kuna mzee anatukodisha vyote kwa usiku mmoja mmoja. Sasa anataka bendi ichukue jina lake, na binti yake aimbe. Binti haimbi, Shangazi. Binti anapiga kelele. – Bendi Isiyo na Jina Bado."

Wanangu, mwenye vyombo ndiye mwenye bendi. Sijatunga mimi, ndivyo dansi la Tanzania lilivyoishi. NUTA Jazz ilipoundwa mwaka 1964 vyombo vilikuwa vya chama cha wafanyakazi, na wapigaji wakawa waajiriwa. Chama kilipogeuka JUWATA, bendi nayo ikageuka JUWATA. Kikawa OTTU, ikawa OTTU. Mlimani Park ilianza mwaka 1978 mikononi mwa kampuni ya teksi, na ilipochukuliwa na shirika la DDC, herufi hizo tatu zikakaa mbele ya jina. Waimbaji walihama usiku na nyimbo zao kichwani, magitaa yakabaki stoo. Mzee wenu hajabuni kiburi kipya.

Kinachowaponza ni kukodi kila kitu. Kodini vikubwa tu: spika, mixa, drams. Gitaa, besi, vipaza sauti na waya viwe vyenu, hata kwa kuchanga Ijumaa baada ya Ijumaa. Vipaza sauti hasa, maana vya kukodi vina mate ya mji mzima. Mkija kwa mzee mwingine bila kuomba mpaka waya, mazungumzo yanabadilika sura. Mnapochukua vyombo, pigeni picha kila kimoja, hesabuni waya, jaribuni palepale mbele ya mwenyewe, na muandike nani analipa jenereta ya baa ikipandisha umeme na kuunguza amplifaya. Hilo la jenereta ndilo linalovunja urafiki. Bila maandishi, atalipa aliyekuwa ameshika gitaa.

Kuhusu binti. Vyombo huja na fundi mitambo wake. Mlisheni vizuri, mumpe na soda. Fundi mitambo aliyeshiba anajua kipaza sauti kipi kisikike mpaka barabarani na kipi kiwashe taa tu. Shangazi hajasema kitu.

"Kaka yangu aliyeko Minnesota kanitumia amplifaya ya gitaa, zile za kizamani zenye valvu. Nikaichomeka. Ikawaka vizuri, ikatoa moshi, ikanyamaza. – Mpweke, Arusha."

Kaka yako anaishi kwenye volti 120, wewe kwenye 230. Omba iwe fyuzi peke yake iliyokufa. Ikipona, inunulie transfoma ya kushusha umeme yenye wati za kutosha. Na amplifaya ya valvu usiiwashe hata siku moja bila spika kuungwa, utaua transfoma yake ya ndani, ambayo ndiyo ghali.

"Shangazi, mume wangu amenunua spika mbili kubwa za kukodisha. Zinalala chumbani kwetu, zimevishwa vitambaa nilivyofuma mimi. Nikigeuka usiku nagonga pua. – Mke Mwenza wa Spika, Tabata."

Pole mama. Mume kapatia jambo moja: spika ikae ndani, si barazani, koni ya karatasi haipendi unyevu, na kitambaa kinazuia vumbi na mende. Lakini chumba cha kulala hakimo kwenye masharti. Ziwekwe sebuleni juu ya vipande vya mbao, zisigusane na sakafu ya saruji, zitazamane uso kwa uso ili mtoto asitoboe koni kwa penseli. Akikwambia zitaingiza pesa, muulize harusi ya kwanza ni tarehe ngapi. Akikosa tarehe, tarehe ya kuzihamisha ni leo, na vitambaa vyako uvitoe kwanza.