Namna ya Kusikiliza Mauaji Bila Kuitwa kwa Mjumbe

Anayesoma riwaya ya upelelezi kwa macho ana uhuru mmoja mkubwa: roho ikimdunda kupita kiasi, anafunua ukurasa wa mwisho, anamwona muuaji, anazima taa na kulala. Anayesikiliza hana ukurasa wa mwisho. Ana kamstari kembamba kwenye kioo cha simu, na akikasogeza kwa dole gumba ndani ya daladala inayoruka matuta, atatua katikati ya mazishi ya mtu ambaye hata hajatambulishwa kwake. Kwa ajili yake umeandikwa mwongozo huu, ili amalize kitabu kizima na bado abaki na akili zake, ndoa yake na jina lake mtaani.

Tuanze na muda, maana kila mtu hudai hana. Wasimulizi wa vitabu vya Kiingereza husoma maneno kama 150 kwa dakika. Riwaya ya maneno 90,000 basi itakula saa kumi. Mkazi wa Dar es Salaam hahitaji kuzitafuta saa hizo, barabara imeshamgawia. Jioni ya mvua, kati ya Posta na Mbagala Rangi Tatu, mtu anaweza kupata maiti wawili, wosia wa kughushi na mshukiwa mmoja kabla basi halijafika Mtoni kwa Aziz Ali.

Kaa kiti cha ndani. Wanaokaa dirishani na simu mkononi ndio wanaosikiliza kwa makini jinsi inspekta anavyomtega mwizi wa almasi, huku mkono wa kijana aliyesimama nje ukiingia taratibu na kuondoka na inspekta, mwizi na almasi zake. Acha sikio moja wazi, kwa kuwa konda hatakurudia kituo eti kwa sababu ulikuwa mochwari ya Stockholm. Na uso uutawale. Abiria wa pembeni hasikii shoka likishuka, anachoona ni mtu mzima aliyetoa macho, ameshika kifua, anasema "usiingie humo, mama!" na hakuna mama anayeingia popote. Kwenye bodaboda usisikilize kabisa, hasa riwaya za Elvis Musiba. Tangu shujaa wake Willy Gamba alipojitokeza katika Kufa na Kupona, mwaka 1974, hajulikani kwa kutembea polepole, na wewe ukiwa naye masikioni utajikuta unamwambia dereva amfuate yule mwenye gari jeusi, ambaye ni mwalimu anarudi kwake.

Nyumbani ndiko kwenye hatari kubwa. Katika nyumba ya kupanga isiyo na dari, sauti haina mwenyewe. Ikitoka chumbani kwako inapanda juu ya kuta na kutua kwenye vyumba vyote sita. Sasa weka simu spika, saa nne usiku. Sauti nzito ya mwanamume inauliza, "Mwili tutauficha wapi?" Sauti ya mwanamke, ambayo ni ya mwanamume yuleyule ameibana puani, inajibu, "Kisimani." Kimya. Kisha wewe mwenyewe, kwa furaha ya mtu aliyeotea vizuri, unasema: "Nilijua!" Asubuhi mjumbe yuko mlangoni na wazee wawili, na mama mwenye nyumba amesimama nyuma yao akikagua kisima kwa jicho la pembeni. Kueleza kwamba ilikuwa simulizi hakutakusaidia, kwani hilo ndilo jibu ambalo muuaji yeyote wa kwenye simulizi angelitoa.

Usimcheke mjumbe lakini. Tarehe 16 Januari 1926 Padri Ronald Knox alisoma kwenye redio ya BBC, kutoka Edinburgh, taarifa ya kubuni kuhusu ghasia London: umati umechachamaa, mnara wa Big Ben umeangushwa, hoteli ya Savoy imelipuliwa. Wapo walioamini na kuhaha, Waingereza wazima wenye magazeti yao. Padri huyohuyo alikuwa mwandishi wa riwaya za upelelezi, na mwaka 1929 akatoa amri kumi za kuziandika kwa haki bila kumlaghai msomaji, mojawapo ikiwa kwamba njia ya siri isizidi moja katika hadithi. Alikuwa ameshajua msikilizaji analaghaiwa kwa wepesi gani.

Dawa ya majirani ni kuwakaribisha tangu sura ya kwanza. Utapoteza faragha, utanunua karanga za watu wengi, na mjumbe atadai kiti chenye mto. Lakini hakuna anayemshtaki mtu ambaye bado hajamaliza kumpigia simulizi. Mwepuke tu yule mzee anayeotea. Kila mkusanyiko una mmoja, na humtaja kila mhusika kuwa ndiye muuaji kadiri anavyoingia, ili mwishoni aseme alisema.

Jikoni pana kanuni yake. Ukiwa unampikia mama mkwe, usimsikilize Agatha Christie. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia bibi huyu alifanya kazi ya kuchanganya dawa hospitalini Torquay, na sumu alizijua kwa vipimo vyake. Katika riwaya yake ya kwanza, The Mysterious Affair at Styles, iliyotoka Marekani mwaka 1920, anayekufa ni mama mtu mzima mwenye mali, na kilichomuua ni strikinini. Hiyo si sauti ya kukutwa nayo ukikoroga mchuzi.

Christie huyohuyo ana cheo katika historia ya kusikiliza. Mwaka 1935 taasisi ya wasioona ya Uingereza ilianza kuwaazima watu vitabu vilivyorekodiwa kwenye santuri, wakikumbukwa hasa askari waliopofuka vitani, na miongoni mwa vitabu vya kwanza kabisa kilikuwamo The Murder of Roger Ackroyd, alichokuwa amekitoa mwaka 1926. Riwaya moja ilijaza santuri kama kumi, kila upande dakika 25 hivi. Kwa hiyo inspekta anainua kidole, anakaribia kutaja jina, na santuri inakwisha. Unainuka, unapapasa, unageuza. Wewe unayelia kwamba bando limekata mkumbuke mtu huyo. Kwa nini kitabu hicho kinafaa zaidi masikioni kuliko machoni, siwezi kukuambia bila kukuharibia. Aliyekimaliza anatabasamu sasa hivi.

Hapa nikupe siri ambayo wasimulizi hawapendi itoke. Mwandishi akitaka kumficha mtu, huandika tu kwamba sauti ilisikika gizani ikisema hili na lile, na msomaji hajui ya nani. Msimulizi maskini hana giza la kujifichia. Sauti hiyo lazima imtoke kinywani. Akiipa sauti ya mhusika mwenyewe, siri imevuja sura ya tatu. Akiipa nyingine, amekudanganya na utamdai. Ndiyo maana wajanja hunong'ona: mnong'ono hauna umri, hauna kabila, wala hauna mwenyewe. Ukitaka kumpima msimulizi yeyote mpe Simu ya Kifo, ya Faraji Katalambulla, ya mwaka 1965; jina lake tu linatosha kumtoa jasho. Kwa hiyo mtegee msimulizi namna hii: tafuta mhusika mdogo aliyepewa sauti kubwa. Mtunza bustani ana sentensi mbili katika kitabu kizima, lakini amepewa kikohozi, kigugumizi na lafudhi ya Tanga. Msimulizi hamhangaikii hivyo mtu asiyeua.

Kasi iache ilivyo. Kuna vijana wanaosikiliza kwa kasi mara mbili, ili wamalize vitabu vingi na kuvitaja. Kwa kasi hiyo mashahidi wote wanaongea kama wanadi wa mitumba Karume, na kile kimya cha kabla mlango haujafunguliwa, ambacho mwandishi alikihangaikia usiku kucha, kinapita kama hakikuwapo.

Kitandani, usisikilize. Utasinzia sura ya nne na kuzinduka ya kumi na nne, wamekufa watatu na mjane ameolewa na daktari.

Anayeanza kabisa namshauri aanze na Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla. Riwaya yake ya Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la uandishi wa hadithi za Kiswahili la 1957 na 1958, ikachapishwa mwaka 1960, na tangu hapo sijaona mpelelezi anayefaa sikio kuliko huyu Mzanzibari. Hakimbizani na mtu. Anavuta kiko chake, anauliza, anamsikiliza mwenzake Najum, anauliza tena, na fumbo linafumbuka kwa maneno ya watu waliokaa. Kama humpati kwa sauti, mwite mpwa wako aliye sekondari, mpe soda, akusomee barazani. Hicho nacho ni kitabu cha sauti, tena akikosea unamrudisha nyuma kwa kumkoholea tu.

Lakini wengi wetu hatuanzii vitabuni. Tunaanzia kwenye simulizi za YouTube na za magrupu ya WhatsApp, sehemu ya 1 mpaka sehemu ya 80, ambako msichana anashika kitasa, mlango unalia, na msimulizi anakuomba ubonyeze kengele. Ukishabonyeza, linaingia tangazo la kubeti. Likiisha, mlango bado unalia. Kisha: itaendelea. Vumilia, ndivyo riwaya nyingi za Kiswahili zilivyofika kwa watu tangu enzi za magazeti, na ukiona hadithi imekukamata hadi unaikasirikia, aliyeitunga anaijua kazi yake. Mimi huwapenda wale wa sauti moja tupu kuliko wenye muziki wa kutisha chini, maana muziki ule hukutangulia kufika: unajua mtu atakufa kabla yeye hajavaa viatu.

Simulizi za kulipia, zilipie. Ni elfu moja au mbili, na anayeuza mara nyingi ndiye aliyetunga, akarekodi usiku jogoo na pikipiki zimenyamaza. Faili la mtu likikufikia kwa kurushiwa bure, ukasikiliza saa kumi jinsi mwizi anavyosakwa hadi kutiwa pingu, ukashangilia, kisha ukalirusha kwa rafiki zako hamsini, ujue katika hadithi ile wewe hukuwa upande wa inspekta. Futa, tafuta namba ya mwenyewe, tuma hela. Na ukishamjua muuaji, nyamaza: mjumbe bado yuko sehemu ya 12.