Biskuti Yenye Masharti

Waswidi wana biskuti ya Krismasi yenye masharti. Inaitwa pepparkaka: nyembamba, ya kahawia, imejaa tangawizi, mdalasini na karafuu. Kwa viungo vyake ni andazi lililokwenda kusoma Ulaya likarudi limekonda. Unaiweka kiganjani, unanuia jambo moyoni, kisha unaigonga katikati kwa kifundo cha kidole. Ikipasuka vipande vitatu, jambo lako litatimia, mradi uitafune bila kusema neno. Ikipasuka viwili au vinne, kunywa chai yako uendelee na maisha.

Desturi hiyo ilibuniwa na watu wasioijua barabara ya kushuka kwetu Lupingu, kando ya Ziwa Nyasa.

Kaka yangu alisoma Uppsala, akarudi na shahada na mke. Mswidi kwetu si kioja; wamisionari wa kwao walifanya kazi miaka mingi katika Dayosisi ya Kusini ya Kanisa la Kilutheri (KKKT), yenye makao yake Njombe. Kwa hiyo shemeji alipotangaza kwamba Krismasi ya ukweni ataipikia yeye, hakuna aliyeshtuka. Tuliuliza tu kama wali utakuwepo.

Makopo mawili ya biskuti yalitoka Stockholm hadi Makambako bila mkwaruzo, shemeji akiwa ameyapakata. Pale stendi, konda wa basi la Njombe akayatazama. "Mama, hayo makopo yanakula nafasi ya abiria. Yalipiwe nauli au yaende buti." Kaka, mchumi, akachagua buti. Buti ilikuwa na magunia ya viazi, na gunia la viazi vya Njombe halijui kumpisha mtu.

Baada ya Ludewa ndipo shughuli ikaanza. Njombe mjini iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Nyasa halifiki mita 500. Tofauti hiyo ndiyo Milima ya Livingstone, na gari huishuka kwa breki, kona, mawe na sala za abiria wa madhehebu yote.

Kopo la kwanza lilifunguliwa mbele ya ukoo mzima. Bibi akachungulia, akanusa, akauliza kwa heshima, "Huu ni wa uji?" Kwa wingi wa vile vipande, barabara ilikuwa imeshanuia kila kitu kwa niaba yetu, na kama ilijiombea lami, ilikuwa na haki.

Kopo la pili lilikuwa limeviringishwa kitenge, likasalimika. Lakini watoto walilichungulia usiku wakaliacha wazi, na joto la Desemba ziwani lina unyevu wake. Asubuhi bibi akakabidhiwa biskuti nzima, akanuia, akagonga. Ikabonyea. Akagonga tena. Ikajikunja.

"Mke mwenzangu," bibi akamwita shemeji, maana mke wa mjukuu kwetu ni mke mwenza, "hii imekataa kuvunjika. Maana yake nini?"

Kaka akatafsiri. Shemeji akafikiri, kisha akajibu kwa Kiswahili chake cha kupima: "Subiri."

Bibi akaridhika kabisa. Alisema ndilo jibu analopewa ofisini kila akifuatilia jambo, ila huku angalau kuna tangawizi. Sharti la kutafuna kimya hakuna aliyethubutu kumwambia.

Kulikuwa pia na sikukuu ya Lucia, ambayo Waswidi huifanya tarehe 13 Desemba: binti aliyevaa nguo nyeupe huingia alfajiri amevikwa taji la mishumaa inayowaka. Shemeji akaihamishia mkesha wa Krismasi, akamchagua mpwa wangu, akasuka taji la waya. Dada yangu akatoka jikoni na mwiko. "Nimemsuka rasta jana, nimelipa, halafu mnataka kuziwashia moto?" Mvuvi mmoja jirani akanusuru hali kwa tochi yake ya kichwani. Basi Lucia wa Lupingu akaingia sebuleni akiangaza kama karabai, na kila aliyemgeukia akaacha kuona kwa muda. Mjomba alikanyaga chupa ya chai.

Lucia huambatana na vimikate vya njano vilivyosokotwa mfano wa herufi S, na zabibu kavu kwenye kila kizingo. Unjano wake ni wa zafarani. Dukani Njombe, kaka alikuwa ameomba zafarani, akafungiwa kitu cha njano, akalipa. Shemeji alikanda, akasokota, akaoka kwenye sufuria, mkaa chini na mkaa juu ya mfuniko, vikatoka vizuri mno kwa macho. Mtoto wa kwanza kuletewa sahani akapiga kelele: "Nyoka! Ana macho mawili!" Wa pili aliuma, akatafuna, akauliza pilau yenyewe iko wapi.

Ilikuwa bizari. Sisi watu wazima tulivimaliza, kwanza kwa adabu, halafu kwa dagaa wa kukaanga, na hapo ndipo vilipopata mwenzao. Nasema bila kuona haya kwamba sijala kitu cha Kiswidi kitamu kuliko kile. Shemeji mwenyewe aliongeza pilipili.

Mwakani, kaka anasema, makopo yatapitia Kyela, yateremke kwa meli. Mjomba, aliyewahi kuipanda wakati wa mawimbi akatapika kutoka Matema hadi gati la Lupingu, alimtazama tu, akaomba ule unga wa kopo la kwanza akoroge kwenye chai.