Nikatwe Wapi, Jamani?

Jirani, weka kikombe chini kwanza. Kijiji kizima cha Mkwaja hivi sasa kinajua tumbo langu likatwe wapi, isipokuwa mimi mwenye tumbo. Muuza kahawa ana msimamo wake. Fundi baiskeli ana wake. Hata yule dogo anayeparua samaki pale diko, shule yenyewe kaikimbia, juzi kanisimamisha: "Mzee, wewe nenda na baipasi, slivu itakusumbua." Kaitoa wapi? TikTok. Ananishauri huku ana magamba usoni.

Yote haya yameletwa na mizani. Mimi nilikwenda zahanati kwa ajili ya magoti. Magoti tu! Nesi akasema, panda hapo baba. Kumbe ni siku ya kliniki ya wajawazito. Benchi limejaa, macho yote kwangu. Nikavua kandambili, maana nasikia nazo zina uzito. Nikavuta pumzi ndani. Mshale ukakimbia. Nesi akautazama mshale, akanitazama mimi, akaugonga mshale kwa kidole, akautazama tena. Kisha kwa sauti ya kusikika mpaka minazini: "Mia moja na kumi na mbili!" Benchi zima kimya. Dada mmoja mwenye mimba iliyokaribia kabisa akajisogeza, akanipa nafasi. "Kaa baba," akasema, "pole."

Nikakaa. Ningefanyaje?

Haikutosha, nikapimwa na urefu. Mita moja na sentimita 68. Nesi akatoa simu, akagawa kilo kwa urefu, jibu akaligawa tena kwa urefu uleule. Mimi nikadhani kakosea, nikanyamaza. Ikatoka 39.7. Akanieleza kwamba ukivuka 25 umezidi uzito, ukifika 30 huo si unene wa kusifiwa tena, ni ugonjwa. Na ukivuka 35 wewe ni mtu wa kufikiriwa kisu cha kupunguza uzito. Zamani walikuwa wagumu. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 1991 ulitaka ufike 40, au 35 uwe na kisukari, presha na jamaa zake. Mwaka 2022 mabingwa wa upasuaji huo wakalegeza: 35 inatosha hata huumwi kitu. Jirani, mimi sijawahi kufaulu mtihani wowote tangu darasa la saba. Huu nimepita kwa alama za juu.

Usidhani nilikuwa sijui kwamba ni mnene. Wavuvi wa hapa wananiita Farumi. Mashua ikitoka tupu na kusi linavuma, wananiomba nikae katikati isiyumbe. Bure! Hata kibua mmoja sipewi. Nikipanda Hiace ya kwenda Pangani, konda ananitazama matako kabla hajanitazama uso, halafu anasema, "Mzee, hapa tunahesabu wawili." Nalipa. Watu wanacheka, na mimi nacheka. Bodaboda ndio usiseme, wananiona kwa mbali wanakumbuka wana abiria Mikocheni.

Nyumbani nako hakukaliki. Mama watoto ana klipu za Profesa Janabi, yule bingwa wa moyo aliyekuwa mkurugenzi Muhimbili kabla Shirika la Afya Duniani halijampa Kanda yake ya Afrika mwaka 2025. Profesa anahimiza watu wapunguze kula, wafunge, waachane na sukari. Maneno mazuri, sibishi. Lakini klipu inawekwa saa ngapi? Wakati naosha mikono. Wali wa nazi uko mbele yangu, papa wa kupaka yuko mbele yangu, na Profesa yuko mbele yangu. Napeleka tonge mdomoni na yeye ananitazama.

Sasa mama watoto huyohuyo ndiye aliyeniletea habari ya puto. Muhimbili Mloganzila, kule Dar, walianza kuweka watu puto tumboni mwaka 2022. Hukatwi popote. Unalazwa usingizi kidogo, wanakupitishia mdomoni mpira wenye kamera, puto linashushwa tupu, likifika wanalijaza maji. Nusu lita na ushee hivi. Linakaa humo, linashika nafasi ya chakula, ukila kidogo unashiba. Nikasema, hilo ndilo langu! Mimi kisu naogopa. Hata kunyolewa nakaa kwa wasiwasi.

Ndipo nikaanza kuambiwa mengine. Siku za mwanzo unatapika, maana tumbo linataka kulitoa na halitoki. Halafu halikai milele. Lile la kawaida ni miezi sita, linatolewa. Ukirudi kwenye bada na kisamvu chako, kilo nazo zinarudi. Halafu, na hili sikulipenda kabisa, mengine yanajazwa maji yenye dawa ya bluu, ili likipasuka ujue. Unajuaje? Mkojo unabadilika rangi. Jirani, hebu fikiria mimi nakojoa bluu hapa Mkwaja. Nani atakubali ni puto? Kabla ya magharibi nimeshapelekwa kwa mganga na kuku mweusi kwapani.

Basi nikiwa bado naliwaza puto, akatua shemeji yangu kutoka Maskati. Ni mdogo wa mke wangu, ameolewa kule. Alikuja kula Idi kwa mama mkwe. Alipotoka hapa tulikuwa saizi moja, tukipigwa picha tunaijaza wenyewe. Safari hii kashuka kwenye gari sikumtambua. Nikampa mkono nikamuuliza, mwenyeji wako nani?

Kafanya slivu. Kule Ghuba, anasema, ni jambo la kawaida, na duniani kote siku hizi ndiyo inayofanywa kuliko zote. Wanatoboa matundu madogo ya tumbo, wanaingiza kamera na vyombo, wanakata tumbo la chakula kwa urefu. Karibu robo tatu au zaidi inaondoka, unabaki mrija mwembamba. Nikamuuliza, hicho kilichoondoka wamekuwekea? Akasema kimetupwa, na hakirudi. Anasema pale juu palipokatwa ndipo inapotengenezwa kwa wingi homoni ya njaa, ghrelini, kwa hiyo hata hamu yenyewe inapungua. Mimi nilidhani njaa inatengenezwa na harufu.

Kikaja chakula. Mama mkwe alikuwa amekesha jikoni. Biriani ya mbuzi, mkate wa ajemi, samaki wa kupaka, halua pembeni. Shemeji akapakuliwa sinia dogo. Akachukua kijiko. Akatafuna. Akatafuna. Jirani, alitafuna mpaka mimi taya likaniuma. Kijiko cha pili. Cha tatu. Akaweka kijiko chini akasema alhamdulillahi, nimeshiba.

Mama mkwe akasimama mlangoni na mwiko. "Chakula changu kina nini?"

Akaelezwa. Hakuelewa. Nani anamtoa mwanawe Maskati, anamchinjia mbuzi, mwana anakula vijiko vitatu? Akauliza basi hata maji? Maji nayo, shemeji akasema, hapaswi kunywa pamoja na chakula, anasubiri nusu saa nzima. Soda basi? Gesi ndiyo kabisa. Mama mkwe akakaa chini kwenye mkeka akaanza kulia kwamba mwanawe kalogwa Uarabuni. Mke wangu akaanza kumbembeleza. Shemeji naye machozi. Pale pakawa msiba. Mimi nikaona biriani inapoa, si vizuri. Nikalivuta lile sinia polepole. Hakuna aliyeniona, isipokuwa mtoto, naye akapiga kelele, "Baba anakula cha mama mdogo!"

Jioni shemeji akanivuta pembeni, akaniambia ya ndani. Kwamba nywele zilimtoka kwa mafungu miezi ya mwanzo, zikarudi. Kwamba vidonge vya vitamini ni vya maisha. Kwamba ngozi imebaki, kilo ndizo zimeondoka, akaninyooshea mkono nione inavyoning'inia. Kwamba kisukari kimetulia, na anapanda ngazi hahemi, na hajuti hata chembe. Lakini kiungulia kimemzidi. Akaniuliza, shemeji, wewe una kiungulia? Mimi? Mimi nalala nimeegemea ukuta, chapati za jioni haziniruhusu kulala chali. Akatikisa kichwa. "Basi slivu si yako."

Ndipo nikapata akili ya kwenda kumwona daktari. Hospitali gani, hilo naliacha, kuna watu wataanza kusema nawatangaza. Nikakaa, kiti kikalia. Nikaeleza kiungulia. Daktari akasema, kwa hali hiyo mara nyingi wanapendelea baipasi, na kwa kisukari pia inafanya kazi nzuri. Nikamwambia baipasi ndiyo aliyonishauri yule mparua samaki. Hakucheka.

Sasa baipasi wewe jirani utaielewa haraka, maana sote tumekula vumbi kipande hiki cha barabara ya Mkange, Mkwaja mpaka Tungamaa. Mkandarasi akifunga barabara, anakutolea mchepuko. Ndivyo hivyo. Wanatenga kifuko kidogo juu ya tumbo, mililita 30 hivi, kahawa ya kijiweni haienei. Utumbo unakatwa chini, unapandishwa, unaunganishwa na hicho kifuko. Chakula kinachepuka, kinaliruka tumbo lote kubwa na mwanzo wa utumbo. Na hilo tumbo la zamani? Linabaki humohumo, linatoa majimaji yake tu. Nikashtuka. Yaani natoa hela, nakatwa, na bado nalibeba?

Daktari wa watu akavumilia. Akaniambia jambo hili si la jana. Daktari mmoja wa Chuo Kikuu cha Iowa, Edward Mason, aliona wagonjwa wa vidonda waliokatwa sehemu ya tumbo wanakonda, akaanza kazi hiyo mwaka 1966. Nikakumbuka kijiweni wanasema hata Maradona alifanyiwa, kule Kolombia, mwaka 2005. Kweli, akasema. Nikamwambia lakini Maradona baadaye alinenepa tena, mimi nilimwona kwenye Kombe la Dunia. Akasema kisu kinakusaidia, hakikushikii mkono unapokula. Ukila kidogokidogo kutwa nzima, unarudi ulikotoka.

Halafu masharti. Baipasi haipatani na sukari. Ukila halua, kashata, ukwaju wa barafu wenye sukari, inashuka kwa kasi kwenye utumbo, moyo unakwenda mbio, jasho, tumbo linaendesha, unalala chini unaomba toba. Madini ya chuma, kalsiamu na vitamini B12, maisha. Na diklofenaki na ndugu zake marufuku, zinatoboa vidonda pale kwenye maungio. Hapo nikasimama. Kiti kikashukuru. Daktari, mimi diklofenaki ndiyo inayonitembeza! Magoti haya unayoyaona yamekuja kwa hisani yake! Akasema magoti yanauma kwa sababu ya kilo. Nikasema kilo haziondoki kwa sababu ya magoti. Tukatazamana.

Mkanda nao niliusahau, nikauulizia nikiwa mlangoni. Kuna mkanda wa silikoni wanaufunga juu ya tumbo, unakazwa na kulegezwa kwa sindano. Nilifikiri nitajikaza siku za kazi, nijilegeze Idi. Akasema siku hizi umeachwa na wengi. Ulikuwa unateleza, wengine unawala tumbo, watu wakarudi kutolewa. Hivyo hata Idi yangu ikaishia pale.

Kwa hiyo hesabu yangu ni hii. Puto nakojoa bluu. Slivu nina kiungulia. Baipasi nina magoti. Mkanda umepitwa. Bei niliyotajiwa, hata nikiuza minazi yote ya marehemu baba na tumbo lenyewe juu, haifiki. Na hilo tungeweza kulichangia, Mkwaja tunachangia hata harusi za watu tusiowajua. Kinachoniua ni lile la mwisho aliloniambia daktari. Kabla ya kukatwa, wiki mbili hivi ni chakula chepesi, supu, uji mwembamba, maziwa yasiyo na mafuta, ili ini lisinyae, wapate nafasi ya kupitisha vyombo. Kwamba hata ini langu limenenepa! Lenyewe lilikula lini, sikuliona.

Tena, akasema, ni vizuri nirudi nikiwa nimeshapungua kilo tano. Nikamwomba arudie. Akarudia. Ili nikatwe nipungue, nipungue kwanza nikatwe. Mke wangu anasema mbona iko wazi, mtu anayeweza kukaa na supu kabla ndiye atakayeweza kukaa na vijiko vitatu baadaye, wanakupima. Mimi naona ukiweza hivyo kisu cha nini. Tumebishana mpaka majirani wakafunga madirisha.

Mwenye kuielewa hesabu hiyo vizuri aje anieleweshe. Nipo barazani kila baada ya alasiri, kahawa nalipa mimi. Kashata aje na zake, na aje na za kutosha.