Jinsi ya Kutoa Maoni Kuhusu Manga Bila Kukimbiwa na Watu

Kila mwenye simu siku hizi ana maoni kuhusu manga. Wengine wametazama anime yake, wakasoma muhtasari, wakaona picha tatu zilizosambazwa, basi wamemaliza: alama tisa kwa kumi! Ukiwauliza ni ukurasa upi uliowapa hizo alama, wanakumbuka kwamba wana safari.

Manga ni sanaa ya ukurasa. Mtu ameketi na kalamu akaamua kisanduku hiki kiwe kikubwa na kile kidogo, hapa watu waseme, pale wanyamaze. Anayetoa hukumu bila kutazama maamuzi hayo amehukumu kitu kingine. Mwongozo huu ni wa yule anayetaka maoni yake yasikilizwe hadi mwisho, na ndani yake nimeweka hukumu zangu juu ya manga nilizosoma karibuni, za kutisha, za michezo, za mapenzi na za vita.

Hatua ya kwanza: Anzia kulia

Manga ya Kijapani husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, kitabu kizima na kila ukurasa. Anayefungua upande aliouzoea hukutana na mwisho wa hadithi kabla hajamjua mhusika hata mmoja. Zamani baadhi ya wachapishaji wa nje ya Japani waligeuza michoro ili kuwarahisishia wasomaji, na wahusika wote wakawa wanatumia mkono wa kushoto. Ulikuwa uharibifu. Mpangilio wa ukurasa ni sehemu ya hadithi.

Ukitaka ushahidi, soma Uzumaki ya Junji Ito, iliyotoka mwaka 1998 na 1999. Mji mdogo unashikwa na laana ya umbo la mzunguko: moshi unajisokota, nywele zinajisokota, mwishowe watu wenyewe. Ito hukuongoza polepole kwa visanduku vidogo hadi pembe ya ukurasa, kisha ukifunua tu, jambo lenyewe limejaa mbele ya macho yako. Hofu yake ameijenga juu ya kidole chako kinachofunua karatasi. Hukumu yangu: nusu ya kwanza, yenye visa vifupi vinavyojitegemea, inauma kuliko ya pili, lakini sijasoma manga ya kutisha inayoijua kazi yake kuliko hii.

Hatua ya pili: Usiogope kundi lililoandikwa kwenye jalada

Shonen, shojo, seinen na josei ni majina ya wasomaji waliolengwa na magazeti: wavulana, wasichana, wanaume na wanawake. Si aina za hadithi. Anayesema “mimi sisomi shonen, ni ya watoto” hajasoma Fullmetal Alchemist ya Hiromu Arakawa. Ilichapishwa kuanzia 2001 hadi 2010, ikakamilika kwa majuzuu 27. Ndugu wawili wanajaribu kumfufua mama yao kwa alkemia. Mmoja anapoteza mkono na mguu, mwingine mwili wote. Kisha hadithi inapanuka hadi kwa serikali ya kijeshi iliyowaangamiza watu wa Ishval, na kwa askari wanaopaswa kuishi na walichokifanya. Mtoto ataifuata kwa ajili ya mapigano, mtu mzima ataifuata kwa ajili ya lile swali la nani anayelipia dhambi ya dola. Na inamalizika vizuri, jambo ambalo ni adimu kwa hadithi ndefu kiasi hicho.

Vivyo hivyo kwa mwanamume anayeiruka Nana ya Ai Yazawa kwa kuwa ilianzia katika gazeti la wasichana. Wanawake wawili wenye jina moja na umri mmoja, miaka 20, wanakutana ndani ya treni ya kwenda Tokyo, kisha wanapanga nyumba pamoja. Mmoja anaimba muziki wa panki, mwingine anatafuta mapenzi kila mlango uliofunguliwa. Sijaona manga inayosema ukweli zaidi kuhusu jinsi mtu mwema anavyoweza kumuumiza anayempenda. Isome, bwana, hakuna atakayekupokonya uanaume wako.

Hatua ya tatu: Taja mahali

“Noma sana” ni kelele ya furaha, na furaha si kosa. Lakini ukitaka rafiki yako aende kuisoma, mwonyeshe mahali.

Mfano: Slam Dunk ya Takehiko Inoue, iliyoanza mwaka 1990 na kumalizika 1996. Hanamichi Sakuragi anajiunga na timu ya mpira wa kikapu ili kumfurahisha msichana, hajui hata kudunda mpira. Kwa majuzuu mengi hadithi imejaa vurugu, matusi na vichekesho. Halafu inafika mechi dhidi ya shule ya Sannoh, na katika sekunde za mwisho Inoue anafuta maneno. Hakuna kelele za mashabiki, hakuna anayewaza kwa sauti, ni miili tu inayokimbia kutoka ukurasa hadi ukurasa. Nilijikuta nafunua taratibu ili sekunde zisiishe. Hayo ndiyo maoni: mchoraji alifanya hivi, mahali hapa, na msomaji akapatwa na hili.

Hatua ya nne: Lawama nayo iwe na anwani

Kupenda kila kitu ni uvivu sawa na kuponda kila kitu. Lakini lawama ielekezwe, na isimwage siri ya hadithi.

Death Note ya Tsugumi Ohba na Takeshi Obata ina majuzuu 12. Hadi juzuu la saba ni mchezo wa akili usiokuacha upumue. Kuanzia hapo wapinzani wapya hawana uzito, na mafumbo yanaelezwa kwa viputo vya maneno vinavyofunika michoro mizuri ya Obata. Waliosoma wanajua kilichobadilika, na ambaye hajasoma sitamharibia.

Monster ya Naoki Urasawa inamfuata daktari wa ubongo, Kenzo Tenma, aliyeko Düsseldorf, Ujerumani. Anachagua kumpasua mtoto aliyetangulia kufika badala ya meya, na miaka baadaye anagundua amemwokoa muuaji. Ina wahusika wengi mno kuelekea mwisho. Hata hivyo Urasawa humpa mpita njia uso wake, kazi yake na huzuni yake, kiasi kwamba kasoro hiyo ninaisamehe.

Frieren ya Kanehito Yamada na Tsukasa Abe, iliyoanza mwaka 2020, inaanzia pale hadithi nyingine zinapoishia: mashujaa wamekwisha kumshinda mfalme wa mashetani na wamerudi nyumbani. Frieren anaishi miaka maelfu, wenzake wanazeeka na kufa. Sehemu ya mtihani wa wachawi inavutwa sana. Ubora wake uko kwenye kimya, pale anapotambua kwa kuchelewa kwamba hakujitahidi kumjua mtu aliyesafiri naye miaka kumi.

Hatua ya tano: Soma ambayo hakuna anayepigwa

Maoni ya mtu aliyesoma mapigano matupu yana upana wa upanga. Chukua Silver Spoon, ya Arakawa yuleyule. Amekulia katika shamba la ng'ombe wa maziwa huko Hokkaido, na hapa anamtuma kijana wa mjini kwenda kusoma sekondari ya kilimo. Kijana anamlea mtoto wa nguruwe, anampa jina, anampenda, huku akijua siku ya machinjio inakuja. Anayetoka katika jamii ya wafugaji hatahitaji kuelezwa kwa nini kurasa hizo ni nzito. Manga nyingi zimejaa damu. Hii inakuuliza umekula nini leo na nani amekilea.

Kisha soma Yotsuba&! ya Kiyohiko Azuma, kuhusu mtoto wa miaka mitano anayeishangaa baiskeli, mvua na kengele ya mlangoni. Hakuna adui wala siri. Kuchekesha bila kumdhalilisha yeyote ni kazi ngumu kuliko kuchora jeshi zima, na Azuma anaiweza.

Hatua ya sita: Mpe heshima anayechora

Mchoraji wa gazeti la kila wiki hutoa kurasa zipatazo 20 kila wiki, hata akiwa na wasaidizi. Kazi hiyo ina gharama kwa mwili. Nana ilisimama mwaka 2009 kwa sababu ya ugonjwa wa Yazawa. Yoshihiro Togashi wa Hunter x Hunter ameeleza hadharani jinsi mgongo ulivyomzuia hata kuketi. Kentaro Miura alianza Berserk mwaka 1989 na kufariki mwaka 2021 akiwa na miaka 54, hadithi haijaisha. Anayeandika “huyu mvivu mbona hatoi sura mpya” anamdai mtu afya yake.

Heshima nyingine ni kusoma kwa njia halali pale unapoweza. Tangu mwaka 2019 kampuni ya Shueisha ina programu ya MANGA Plus, ambako sura za mwanzo na za karibuni za hadithi zake nyingi husomwa bure.

Hatua ya saba: Usikwepe ile inayouma

Keiji Nakazawa alikuwa na miaka sita bomu la atomiki lilipoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Baba yake, dada yake na mdogo wake walikufa. Mwaka 1973 alianza kuchora Barefoot Gen, ambamo mvulana Gen anaona nyumba yao ikiungua huku ndugu zake wamenaswa chini ya vifusi. Michoro yake ni ya katuni za kawaida: macho makubwa, makonde, vichekesho vya watoto. Wapo wanaoona hiyo ni kasoro. Mimi naona ndiyo nguvu yake, kwa sababu watoto wale waliendelea kucheza na kuimba ndani ya majivu, na Nakazawa hakukubali kuwafanya sanamu za huzuni. Katika zote nilizozitaja, hii ndiyo ningeiweka mikononi mwa kila mtu.

Basi chagua moja, anzia kulia, isome hadi mwisho. Ukimaliza, usinipe alama. Niambie ni ukurasa gani uliokusimamisha, na kwa nini.