Wachapishaji Waachwe Wapumue

Watu wana roho mbaya. Wanawasema wachapishaji wa majarida ya kitaaluma kana kwamba ni wanyang'anyi, ilhali ni wachapakazi. Mhadhiri analipwa na chuo, anatafiti kwa fedha za umma, anaandika makala, anaitoa bure. Mwenzake anaihakiki, bure vilevile. Kazi nzito inabaki kwa mchapishaji: kumtumia mwandishi fomu ya kuhamisha hakimiliki, na kumkumbusha asisahau kutia sahihi. Kisha maktaba ya chuo kilekile inauziwa makala ileile. Mama lishe akipikiwa na wateja kwa unga wao wenyewe, si lazima awatoze hela ya sahani?

Mwaka 2012 Chuo Kikuu cha Harvard, pamoja na utajiri wake wote, kililalamika kwamba majarida yanakigharimu karibu dola milioni 3.75 kwa mwaka, mengine yakifika dola 40,000 kila moja. Ubahili huo! Chuo Kikuu cha California nacho kiliachana na mchapishaji Elsevier mwaka 2019; mwaka 2021 wakapatana. Mapenzi hayo.

Basi mhadhiri, mwanafunzi wako akikuomba makala uliyoiandika mwenyewe, mwelekeze kwenye ukurasa wa malipo. Kadi ya benki inapokelewa.