Mbuzi Aliyeitwa Shangazi

Nyumbani kwetu Igawa, miaka ya 1990, mnyama akishapata jina alikuwa amepata kinga. Kumchinja "yule jogoo mwekundu" ni kazi ya dakika tano. Mwambie mtu akamchinje Konda uone kisu kinavyokuwa butu ghafla. Sisi watoto tuliing'amua siri hiyo mapema, tukawa tunabatiza kila kilichozaliwa bandani kabla hakijakauka manyoya. Mama naye akatunga sheria: anayetoa jina ndiye anayefagia banda.

Konda hakuwa na bahati na saa. Barabara kuu ya Tanzam ilipita karibu na uzio wetu, na kila lori la Zambia lilipomulika banda, yeye aliamini kumekucha. Aliwika saa saba, saa nane, saa tisa. Kulipopambazuka kweli, amelala fofofo. Mdondo ulipoingia kitongojini ulimkuta. Siku hizi kuna chanjo ya matone ya jicho kila baada ya miezi mitatu. Enzi zetu dawa ilikuwa maji ya pilipili, na Konda alikufa kifo cha mtu mwenye hasira.

Kisa cha tetea wetu kilikuwa kizito zaidi. Mama alimwekea mayai ya bata. Ya kuku huanguliwa kwa siku 21. Ya bata wetu hawa wenye nyuso nyekundu, 35. Wenzake walishaanza kufundisha vifaranga kuchakura, yeye bado kakaa tu, amekonda, macho yamemtoka. Hatimaye wakatoka. Safari ya kwanza ikawa kwenye mfereji wa mashamba ya mpunga, na watoto wote wakajitosa majini. Yowe lililopigwa pale juu ya tuta liliwafanya wapaliliaji watupe majembe na kuja mbio kuokoa mtu. Konrad Lorenz wa Austria, aliyeonyesha jinsi kifaranga cha bata bukini anavyomganda yeyote anayemwona kwanza, aligawana Tuzo ya Nobel mwaka 1973. Tetea wetu aliambulia pumba.

Sasa Shangazi. Kaka alimpa mbuzi jina hilo kwa sababu aliingia jikoni bila hodi, akaonja kila sufuria, kisha akakutazama kana kwamba ni wewe uliyesahau kuamkia. Alikula khanga ya Mama, akala daftari langu la Hesabu (sikuandika malalamiko), akamalizia na kadi ya kliniki ya mdogo wetu. Nesi alipoiulizia kadi, Mama akajibu bila kufikiri, "Imeliwa na Shangazi." Nesi akatoa pole nzito, ya msiba wa kiukoo.

Baba akaona isiwe tabu. Sikukuu ya mavuno ilikuwa imekaribia, na kanisani kwetu sadaka za mazao na mifugo hupigwa mnada nje baada ya ibada. Mbuzi angeondoka kwa heshima, na nani angemlilia mnyama aliyetolewa kwa Mungu?

Ila Jumapili hiyo shangazi mwenyewe, dada yake Baba, alikuwa ameshuka kutoka Makambako kutusalimu. Jina la mbuzi hakuna aliyethubutu kumwambia.

Mzee wa kanisa akamshika mbuzi pembe. "Mnyama mzuri! Ana jina?"

"Shangazi!" mdogo wetu akapaza sauti huku analia.

"Haya, Shangazi huyu hapa, amenona! Nani ataanza na elfu nne?"

Baba akainamia viatu vyake. Wanaume wakaanza kupandisha: elfu tano, elfu sita. Mmoja akauliza kama meno yake bado mazima. Hapo shangazi akasimama, akafungua fundo la khanga.

"Elfu tisa. Na yeyote atakayemla mwenzangu tutaonana."

Hakuna aliyepandisha. Akamkabidhi Baba kamba mbele ya waumini: "Kaka, nifugie. Makambako sina banda."

Kwa hiyo Baba alirudi nyumbani na mbuzi yuleyule, safari hii akiwa mchungaji wa mali ya watu. Shangazi alizaa mapacha, na mapacha wakazaa. Kila Krismasi mwenye mali alishuka kwenye basi, akapitia banda kabla ya kusalimia watu, akahesabu, kisha akamuuliza kaka yake kwa nini mbuzi mwenzake na wajukuu zake wamekonda.