Vijiti Saba na Mchicha wa Mama

Ijumaa ya kufunga shule kwa likizo fupi ya Februari, binti yangu alitoka langoni amekumbatia kizimba cha wavu. Ndani niliona matawi. Nikamuuliza wako wapi hao wadudu aliopewa awatunze wiki nzima. "Baba, si hao hapo!" Nikainama, nikakodoa macho. Matawi.

"Wako saba," akasema, "na shule ikifunguliwa wanarudi saba."

Tangu saa ile nikawa mtu wa kuhesabu.

Tunaishi Leicester, Uingereza, na wakati huo mama alikuwa amekuja kutoka Tanga kututembelea. Ramadhani ilikuwa inaingia wiki hiyohiyo, na mama alikwishatangaza kwamba chakula cha kuvunja jungu atapika yeye. Alipochungulia kizimba akaruka nyuma. "Vunjajungu!" Nikadhani anasema pilau.

Kwetu hata mtoto anajua kwamba ukimgusa vunjajungu, chombo utakachoshika baadaye kitakuponyoka. Nikamweleza mama kwamba vunjajungu ana kichwa cha pembetatu na mikono ya kunasia, anakula wadudu wenzake. Huyu ni mdudu-kijiti, anakula majani tu. Wala si wa oda moja; hawa oda yao ni Phasmatodea. Ningeishia hapo ingekuwa salama, lakini nikajitia ualimu, nikaongeza kwamba jina hilo limetoka kwenye neno la Kigiriki lenye maana ya mzuka. Mama akavuta mtandio wake, akaanza Ayatul-Kursi.

Usiku ule, baada ya kusafisha kizimba, bakuli alilokuja nalo mama kutoka Tanga likaniponyoka likapasuka vipande vitatu. Mama hakusema neno. Alinitazama tu.

Jina la kitaalamu la mdudu-kijiti huyu ni Carausius morosus, na asili yake ni Tamil Nadu, kusini mwa India. Wataalamu walimwandika mwaka 1901, na hilo morosus kwa Kilatini ni mnunaji. Nilipokaa naye nikaona hawakumsingizia. Mchana kutwa amening'inia pale hana habari na mtu. Jike aliyekomaa ana urefu wa sentimita 8 hivi, hana mabawa, rangi yake kijani au kahawia. Akinyoosha miguu ya mbele sambamba na vipapasio anakuwa kijiti kitupu, na usipoona wekundu ulio upande wa ndani wa mashina ya miguu hiyo, unaweza kumpalilia moto.

Chakula chao ni majani ya miiba ya blakiberi, au yale ya mtambaazi unaoparamia kuta za nyumba za huku. Kila jioni nikawa natoka na mkasi kwenye baridi, nimejifunika kofia mpaka machoni, nakata miiba ya watu. Jirani mwenye mbwa akaniuliza nafanya nini. Nikamjibu natafuta chakula cha nyumbani. Siku hizi ananisalimia kwa huruma.

Maji hawapewi bakulini. Unanyunyizia majani, wanalamba matone. "Mdudu unampulizia maji," mama akasema, "mimi tangu asubuhi hujaniuliza kama nina kiu."

Jumatano nikahesabu sita. Nikarudia, sita. Binti yangu akaanza kulia, mama akasema mke mwenzangu nyamaza, baba yako atamtafuta. Tukapekua mapazia, nikatikisa viatu, mpaka muda wa tarawehe ukafika nikaondoka hivyohivyo.

Msikitini, penye kuvulia viatu, mzee mmoja nyuma yangu akasema, "Ndugu, una kijiti begani," akanyoosha mkono anitolee. Kijiti kikamshika kidole. Sitaisahau sauti aliyotoa yule mzee. Alipokung'uta mkono, mdudu akaanguka zuliani, akajinyoosha kakamavu, miguu ameibana, maiti kabisa. Akitishwa ndiyo desturi yake, anajifisha mpaka hatari ipite. Nikamfunika kwa kofia yangu nikawaomba watu wapishe. Mguu wake mmoja ulibaki kwenye kidole cha mzee.

Huo nao si msiba kama unavyoonekana. Mdudu-kijiti huuachia mguu kwa hiari yake apate kuponyoka, na kama bado mdogo, akijibambua ngozi huanza kuota mwingine. Wetu alikuwa bado mdogo, alhamdulillahi. Wakarudi shuleni saba kamili, miguu 41.

Nikadhani yameisha. Kumbe kila nilipobadilisha karatasi ya chini ya kizimba, mama alikuwa anaichambua. Miongoni mwa vinyesi aliona punje ngumu za kahawia, za milimita 2 hivi, kila moja na kinundu chake cha manjano. Mama hajawahi kutupa mbegu maishani mwake. Akazipanda kwenye kopo la mchicha, dirishani jikoni, akafunika udongo kidogo. Huko porini kuna wadudu-vijiti ambao mayai yao hubebwa na sisimizi kwa utamu wa kinundu hicho, yakaishia shimoni. Kazi ya sisimizi mama aliifanya kwa mikono yake, kwa nia njema.

Na wadudu hawa karibu wote ni majike. Dume hawamhitaji, jike mmoja peke yake hutaga mayai mamia, nayo huanguliwa.

Juni, mama yuko zake Tanga, nikaamka kumwagilia mchicha nikakuta unatembea. Nikampigia simu. "Mama, mbegu zako zimeota."

"Zikate changa, uziunge na nazi."

"Zina miguu, mama."

Kimya. Kisha nikasikia Ayatul-Kursi.

Leo asubuhi nimehesabu 34. Kuwaachia bustanini haifai: California na Cape Town waliotoroka mikononi mwa watu wameshalowea. Kwa hiyo msomaji uliye karibu na Leicester, njoo na chombo kirefu chenye kifuniko cha wavu, maana wanajibambua wakiwa wananing'inia. Majani nitakukatia mwenyewe. Ila usiniombe dume na jike. Mmoja tu, atakutosha.